Kabla ya Kununua Kompyuta Nyingine

Kompyuta ya nyumbani ikianza kuchukua dakika tano kuwaka, hukumu hutoka haraka: imezeeka, itafutwe nyingine. Akiba inavunjwa, mtu anashuka Kariakoo au Luthuli Avenue, na jioni anarudi na kompyuta mpakato ya mtumba yenye kibandiko kinachong'aa cha Core i7. Baada ya muda si mrefu inagundulika kwamba prosesa yake ni dhaifu kuliko ya ile iliyosukumwa uvunguni mwa kitanda. Hasara ya namna hii inaepukika. Kompyuta ni mkusanyiko wa vipande vichache vinavyotegemeana, na mara nyingi kinachoumwa ni kimoja tu, tena cha bei nafuu. Kazi ya kwanza ya mwenye mashine ni kukijua kipande hicho kabla hajatoa hela.

Kwa mashine nyingi za kabla ya 2018, kinachokula zile dakika tano ni diski ya kuzunguka, yaani HDD. Ndani yake mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, na mkono mwembamba unaokwenda mbele na nyuma kutafuta data. Data ikiwa imetawanyika, mkono huo hauwezi kutimiza hata maombi mia moja kwa sekunde, na Windows inapowaka huomba maelfu. Diski ya SSD haina kitu kinachozunguka wala mkono wa kusogeza, kwa hiyo hutimiza makumi ya maelfu ya maombi hayo kwa sekunde ileile. Ndiyo sababu kompyuta ya mwaka 2015 yenye Core i5 na RAM ya GB 8 inaweza kuwaka kwa nusu dakika baada ya kubadilishiwa diski tu, bila kuguswa kitu kingine chochote.

Ushahidi haupatikani kwa kubahatisha. Mwenye kompyuta abonyeze Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, dirisha la Task Manager lifunguke, kisha atazame asilimia tatu: ya prosesa, ya kumbukumbu na ya diski. Diski ikigota asilimia 100 huku prosesa ikiwa asilimia 10, mkosaji amejulikana. Kumbukumbu ikizidi asilimia 90 kwa kufungua barua pepe na kurasa chache za intaneti, tatizo ni RAM. Na prosesa ikipanda hadi juu wakati hakuna programu iliyofunguliwa, hapo atafute virusi, au angoje, kwa sababu Windows huenda inajisasisha kimyakimya. Dakika tatu mbele ya dirisha hilo zina faida kuliko maoni ya jamaa watano.

RAM nayo ina mitego yake. Windows 11 kwenye karatasi inakubali GB 4, lakini kiasi hicho huisha mara tu kivinjari kinapofunguliwa kurasa kadhaa, kisha Windows huanza kutumia diski kama ghala la ziada. Diski hiyo ikiwa HDD, kompyuta inaganda. GB 8 ndicho kiwango cha chini cha kazi za kawaida za nyumbani, na GB 16 humpa nafasi anayehariri video au kufanya mahesabu makubwa. Anayekwenda kununua achomoe kipande cha zamani aende nacho dukani. DDR3 na DDR4 zina pengo sehemu tofauti, haziingiliani hata kwa kulazimisha. Zaidi ya hapo kuna DDR3L ya volti 1.35, ambayo ndiyo inayotakiwa na kompyuta mpakato nyingi za kuanzia 2013. Ikiwekwa DDR3 ya kawaida ya volti 1.5, mashine inaweza isiwake, na mtu akadhani ameua ubao mama.

Kuna mashine ambazo RAM yake imelehemewa kwenye ubao. MacBook Air ni mojawapo, ThinkPad X1 Carbon nyingine. Aliyeinunua na GB 8 atakaa na GB 8 hadi mwisho. Kwa mashine nyingine, kuongeza RAM kulikuwa jambo dogo zamani, ila tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote kwa kuwa viwanda vimeelekeza nguvu kwenye seva za akili mnemba. Kwa sasa ni busara kutafuta mashine ambayo tayari ina GB 16 kuliko kununua yenye GB 4 kwa matumaini ya kuiongezea baadaye.

Mashine isiyowaka kabisa humtisha mwenyewe kuliko inavyostahili. Uchunguzi huanzia ukutani. Soketi ijaribiwe kwa taa au chaja ya simu. Plagi zetu za pini tatu, za Kenya na Tanzania, zina fyuzi ndogo ndani yake. Ikiungua, chaja nzima huonekana mbovu. Baada ya hapo chaja yenyewe: nyingi za kompyuta mpakato hutoa volti 19 hadi 20, na fundi mwenye mita huijua nzima na mbovu kwa sekunde. Kama chaja ni nzima, umeme uchomolewe, betri itolewe ikiwa ni ya kutoka, kisha kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa sekunde 30 hivi ili chaji iliyobaki kwenye ubao iishe. Umeme urudishwe, ijaribiwe tena. Mashine nyingi zilizotangazwa kufa huamka hapo.

Taa ikiwaka na feni ikizunguka lakini kioo kikabaki cheusi, tochi ya simu itasaidia. Imulikwe kwenye kioo kwa upande, karibu kabisa. Zikionekana picha hafifu za Windows gizani, kompyuta ni nzima na kilichokufa ni mwanga wa nyuma wa kioo. Kisipoonekana kitu, iunganishwe na runinga kwa waya wa HDMI. Runinga ikionyesha picha, tatizo ni kioo au waya wake. Runinga nayo ikiwa kimya, umeme ukatwe, RAM ichomolewe, miguu yake ya rangi ya dhahabu isuguliwe taratibu kwa raba safi ya penseli, ipanguswe, irudishwe mpaka isikike ikikaa. Penye vipande viwili, kila kimoja kijaribiwe peke yake, kwanza katika nafasi moja kisha katika nyingine. Hewa ya pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, ina unyevu na chumvi, na hutia kutu nyembamba kwenye miguu hiyo hata kwa mashine isiyobebwa huku na huko.

Kompyuta inayojizima yenyewe katikati ya filamu mara nyingi inajiokoa na joto. Prosesa nyingi za Intel huanza kujipunguza kasi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, na joto likiendelea hujizima. Mfuniko wa chini ukifunguliwa hukutwa blanketi la vumbi limeziba mapezi ya shaba mbele ya feni. Vumbi lipulizwe kwa blowa huku panga za feni zimezuiwa kwa kijiti, maana feni ikizungushwa kwa nguvu ya upepo inaweza kuharibika. Mashine iliyofikisha miaka mitano ibadilishiwe pia pesti ya kijivu iliyo kati ya prosesa na chuma cha kupozea, kwa kuwa hukauka ikawa kama ukoko. Halafu isiwekwe tena juu ya godoro, ambako matundu ya hewa ya chini huzibwa kabisa.

Upo ugonjwa mmoja mdogo unaowapotezea watu fedha nyingi za bando. Tovuti zinakataa kufunguka, zinaonya kwamba si salama, na lawama zinakwenda kwa kampuni ya simu. Mtu akitazama pembeni ya kioo, tarehe inasoma Januari ya mwaka wa zamani. Ni betri ya duara iliyo kwenye ubao mama, CR2032 ya volti 3, inayotunza saa wakati kompyuta imezimwa. Ikiisha, saa hurudi nyuma, na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana kana kwamba bado havijaanza kutumika. Betri hiyo huuzwa hata kwenye maduka ya saa za mkononi.

Ila ugonjwa usiovumilia kuchelewa ni wa diski inayokufa. HDD hutoa dalili: faili moja linachukua dakika nzima kufunguka, folda inatoweka kisha inarudi, kompyuta inaganda halafu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwisho husikika mlio, tik, tik, tik, wa mkono unaotafuta mahali pake bila kupaona. Wengi wanaposikia hivyo huamua kupiga Windows upya. Hilo ndilo kosa kubwa kuliko yote yanayotajwa katika makala haya. Kupiga Windows upya kunaandika juu ya data ya zamani na kuilazimisha diski iliyochoka kufanya kazi ngumu wakati ambao kichwa chake huenda tayari kinakwaruza sahani.

Panapotakiwa kuokoa, mashine izimwe mara moja. Diski itolewe, iwekwe kwenye kasha la USB, na kompyuta nyingine inakili kwanza vile visivyonunulika: picha za wazazi na watoto, vyeti vilivyoskaniwa, kazi za chuo, hesabu za duka. Filamu na nyimbo zingoje. Ikiwa diski inalia na haisomeki kabisa, isiwashwe tena na tena kwa matumaini. Ipelekwe kwa mtaalamu wa kuokoa data, au ihifadhiwe hadi fedha zipatikane. Kwa diski ambayo bado inafanya kazi, programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu za afya zilizotunzwa na diski yenyewe. Rangi ya bluu ni salama, ya njano ni onyo, nyekundu ni hatari. Kwa HDD, mstari wa sehemu zilizohamishwa na wa sehemu zinazosubiri kuhamishwa inapaswa kusoma sifuri. SSD nayo hufa, na mara nyingi hufa bila mlio wala dalili, kwa hiyo familia inayojali picha zake iwe na nakala sehemu mbili, moja ikiwa nje ya nyumba au kwenye hifadhi ya mtandaoni.

Nakala hizo zifanywe pia kabla mashine haijapelekwa kwa fundi. Fundi anayebadilisha kioo, kibodi au feni hahitaji picha za harusi za mteja wala nywila za benki. Ikiwezekana diski itolewe ibaki nyumbani.

Umeme unaua kompyuta za mezani kimyakimya. Ukikatika ghafla, HDD iliyokuwa ikiandika hukatizwa. Ukirudi kwa kishindo, pawa saplai hupata mshtuko. Plagi zichomolewe umeme unapokatika, zirudishwe dakika chache baada ya kutulia. UPS husaidia, mradi mnunuzi aijue mipaka yake. Ile ndogo ya nyumbani huwa na betri moja ya volti 12 na ampea-saa 7, ambazo ni wati-saa 84 kwa hesabu. Kompyuta ya mezani na kioo chake zikila wati 120, kwa hali halisi mtu hupata robo saa au dakika 20 za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Si kifaa cha kufanyia kazi gizani. Printa ya leza isichomekwe humo hata kidogo, kwa sababu ikipasha moto huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Betri ya UPS hudumu takriban miaka mitatu, na kuibadilisha ni nafuu kuliko kununua UPS nyingine. Anayeishi penye mgao wa mara kwa mara, au anayehesabu yuniti za LUKU, kompyuta mpakato inamfaa zaidi: hula wati 15 hadi 30 kwa kazi za kawaida na ina betri yake.

Sasa ikiwa uchunguzi wote umeonyesha kwamba mashine kweli imefika mwisho, safari ya dukani ianze na tarehe moja: 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10. Watumiaji binafsi waliongezewa njia ya kupata masasisho ya usalama hadi 13 Oktoba 2026, na baada ya hapo mlango unafungwa. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa iliyomo kwenye orodha yake, ambayo kwa Intel, ukiacha chache, huanzia kizazi cha nane kilichotoka 2017, na kwa AMD huanzia nyingi za Ryzen mfululizo wa 2000. Ofisi za Ulaya na Marekani zilizokuwa na mashine za vizazi vya nyuma zimelazimika kuzitoa, na soko la mtumba la Afrika Mashariki, lile ambalo Wakenya huliita ex-UK, ni moja ya mahali zinakoishia. Mashine hizo zinang'aa, kasha lake ni imara, bei yake inavutia. Anayenunua ajue anachokinunua.

Kwa hiyo kibandiko cha i5 au i7 peke yake hakimwambii mnunuzi jambo la kutosha. Asome namba inayofuata. Core i7-4600U ni ya kizazi cha nne, ya mwaka 2013, na ina viini viwili tu. Hata i7-7500U ya kizazi cha saba ina viini viwili. Core i5-8250U ina vinne, na kwa kazi nyingi huziacha mbali zote mbili ingawa jina lake linaanza na i5. Namba ikianza na 10, 11, 12 au 13, tarakimu mbili za mwanzo ndizo kizazi: i5-1135G7 ni ya kizazi cha 11. Jina la modeli nalo halitoshi. HP EliteBook 840 G3 ni ya kizazi cha sita, G4 cha saba, G5 kwa kawaida cha nane, lakini ziliuzwa pia G5 zenye prosesa ya kizazi cha saba. ThinkPad T480 vivyo hivyo. Muuzaji aombwe kuandika msinfo32 kwenye kisanduku cha kutafutia, na mnunuzi asome kwa macho yake.

Katika fungu la bei ya chini, EliteBook, Latitude au ThinkPad ya mtumba ya kizazi cha nane ni chaguo bora kuliko kompyuta mpya ya bei rahisi yenye Celeron na hifadhi ya GB 64 iliyolehemewa. Hiyo mpya itajaa baada ya masasisho machache na haina pa kuongezea. Ile ya ofisini ilijengwa ifunguliwe: kwa T480, kwa mfano, RAM ina nafasi mbili na diski hutoka kwa kufungua skrubu chache.

Ukaguzi wa dukani usifanywe kwa haya. Mashine izimwe kabisa, iwashwe ikiwa baridi, na mnunuzi aingie BIOS: F10 kwa HP, F2 kwa Dell, F1 kwa ThinkPad. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, iachwe palepale. Mashine za makampuni huja pia na kufuli za mbali ambazo huamka siku intaneti inapounganishwa, kwa hiyo iunganishwe na Wi-Fi hapohapo dukani. Kwa MacBook, ihakikishwe kwamba akaunti ya iCloud ya mwenye zamani imetolewa. Kisha iandikwe powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri. Ripoti itaonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake leo. Betri iliyoanza na mWh 50,000 na sasa inajaza 28,000 imebaki na asilimia 56, na bei ya betri mpya ikatwe kwenye mazungumzo. Kidole kipitishwe kwenye pedi ya kugusa na pembeni mwa kasha: palipoinuka, betri imevimba, na betri iliyovimba inaweza kushika moto.

Kila herufi ibonyezwe. Kila tundu la USB lijaribiwe kwa flashi. Kamera, maikrofoni, spika, HDMI. Kioo kijazwe rangi nyeupe tupu, kisha nyeusi, madoa yaonekane. Chaja ya Dell ichunguzwe kwa makini zaidi: iliyo bandia ikishindwa kujitambulisha, kompyuta hutoa onyo wakati wa kuwaka, hukataa kuchaji betri na kupunguza kasi ya prosesa, na mnunuzi atadhani ameuziwa mashine nzito. Diski za nje na flashi nazo zisiaminiwe kwa maandishi ya juu. SSD ya TB 16 inayouzwa bei ya chakula cha mchana ni kadi ndogo ya kumbukumbu iliyodanganywa. Programu ya H2testw hujaza nafasi yote na kuisoma tena, ikafichua ukubwa wa kweli.

Ambaye mashine yake ni ya kizazi cha nne hadi cha saba na hana fedha kwa sasa, hajafungiwa njia. Linux Mint hufanya kazi vizuri kwenye RAM ya GB 4, na ChromeOS Flex humtosha anayeishi ndani ya kivinjari. Yote miwili ni mifumo endeshi ya bure, na inaweza kujaribiwa kutoka kwenye flashi kabla ya kugusa diski.

Namba ya seri iandikwe kwenye risiti pamoja na muda wa dhamana, kwa sababu dhamana ya mdomo haina namba. Siku ileile ya kwanza, mashine iwashiwe video mfululizo kwa saa mbili ikiwa kwenye chaja, kisha saa nyingine kwa betri peke yake. Ikijizima, ikipata joto lisiloshikika au betri ikianguka ghafla kutoka asilimia 40 hadi sifuri, irudishwe kesho yake asubuhi pamoja na risiti.